Mbaazi Haukusingizia Jua

Aliyetunga methali kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua hakupata kupanda mbaazi hata mmoja maishani mwake. Mtu wa barazani yule, mla vya wenziwe, bingwa wa kuwahukumu wasioweza kujibu. Mbaazi hausingizii. Mbaazi unaujua urefu wa mchana kuliko mwalimu wa jiografia, na Bi Ghaniya alisomesha jiografia miaka ishirini na minane katika skuli za Sur, kwa hiyo ana haki ya kusema.

Aliyajua haya uzeeni, mwaka ambao hospitali ilimrejesha kaka yake, Sinan, nyumbani kwake Ibra akiwa na mfuko wa dawa na maneno ya upole. Ulikuwa mwezi wa Mei. Moyo umechoka, alisema daktari. Mpeni roho yake inachokitaka. Ukimsikia daktari anasema hivyo, huulizi tena. Ghaniya aliuliza. Mpaka lini? Daktari akaviangalia viatu vyake. Pengine mpaka baridi, akasema.

Na roho ya Sinan ilitaka mbaazi za nazi.

Haya, si jambo kubwa. Wakanunua pakiti katika duka kubwa la njia ya Muscat. Ghaniya akazichemsha mwenyewe, akazitilia tui zito, kitunguu, chumvi, na pilipili mbuzi nzima ikiogelea juu. Sinan akaonja kijiko kimoja, kisha akakirejesha sahanini polepole, kama anarejesha kitu cha watu alichokichukua kwa makosa.

"Hizi za Mhindi," alisema. "Mimi nataka za mama."

Mbegu za mama zilitoka Mtambwe, Pemba. Zilitoka ndani ya pindo la kanga, zimeshonewa humo kama hirizi, mwaka ule wa mapinduzi, walipokuja kumchukua baba na baba asirudi. Sinan alikuwa na miaka kumi na sita, Ghaniya sita. Wapo watu wanaopenda kusema yaliyopita si ndwele. Waulize waliopitiwa. Watoto wale walifukuzwa kule kwa kuitwa Waarabu, wakafika huku wakaitwa Wazinjibari, na katika safari yote hiyo kitu pekee kilichofika salama bila ya kubadilishwa jina kilikuwa ni mbegu: nyeupe, zenye kidoa cheusi kwenye kitovu, kila moja kama jicho la kwale. Mama alizipanda kila mwaka katika uwa wa nyumba ya Ibra. Kila baridi walikula mbaazi.

Mama akafa. Asaad, mtoto wa Sinan, akauziba uwa kwa matofali ili apate pa kuweka magari, akabakisha utepe mmoja wa udongo kando ya ukuta, upana wa mkeka wa kusalia. Ghaniya akaichukua chupa ya mbegu, akaenda nayo Sur, akaiweka ndani ya friji na kusema, nitapanda mwakani. Alisema hivyo miaka tisa.

Sasa akaitoa. Mbegu arobaini na moja. Akazilaza juu ya pamba mbichi, akazifunika, akazichungulia kila siku kama mwari. Zilizoota zilikuwa tatu.

Tatu. Hizo zikifa, mbaazi za Mtambwe zimekwisha duniani, na Sinan atakufa na ladha yake mdomoni kama jina la mtu asiyemkumbuka.

Akaipeleka miche mitatu Ibra. Yeye mwenyewe alikuwa akikaa Sur kwa bintiye na mkwewe Hud, ghorofa ya tatu, hakuna udongo ila wa vyungu, na hewa ya chumvi. Ibra kulikuwa na utepe wa mama. Lakini nje joto lilikuwa la kuivisha mkate juu ya bati. Mche ungekauka kabla ya adhuhuri. Basi ikae ndani kwanza, katika chumba cha nyuma, chini ya taa, na Shatha aiangalie.

Shatha alikuwa mjukuu wa Sinan, binti wa Asaad, miaka ishirini na mitatu, mfanyakazi wa ofisi ya serikali Mudhaibi. Kila asubuhi huondoka na gari lake, na mchana hurejea. Babu yake na baba yake walisema naye Kiarabu tu. Ghaniya ndiye aliyemsemesha Kiswahili, kwa simu, na Shatha alikipenda, akikiokota vipande vipande. Kila kitu kwake kilikuwa "hii". Mti hii, maji hii, babu hii. Ghaniya hakumsahihisha hata siku moja. Moyo wake ulijaa mno kwa kumsikia mtoto wa ukoo akifumbua mdomo, akaona akimkosoa atafumba.

Siku waliyoiweka miche chumbani walikaa wawili wakatafuta kwenye simu namna ya kuotesha ndani na lini kutoa nje. Wakampata Mzungu mwenye ndevu nyekundu, amesimama bandani katika nchi ya baridi, anafundisha vizuri sana. Usihesabu joto peke yake, alisema. Hesabu saa za mwanga. Mche uliozoea taa ndefu ndani hauzai maua mpaka upunguziwe. Utoe nje wakati mchana wa nje umelingana na ule ulioupa ndani, ama sivyo utachanganyikiwa.

Shatha alikuwa akitafsiri. Ghafla akaisogeza simu karibu na pua.

"Bibi. Huyu mtu anapanda hashishi."

"Anapanda nini?"

"Hashishi. Bangi. Wallahi, tazama jani hii."

Ghaniya akavaa miwani, akalitazama jani lenye vidole. "Eh! Kumbe." Akafikiri kidogo. "Endelea. Sisi hatutaki jani lake, tunataka jua lake."

"Na polisi wakitazama simu yangu?"

"Utawaambia bibi yako kikongwe anapika mbaazi."

Kutoka chumba cha pili, kitandani, sauti ya Sinan ikaja kwa shida na kicheko: "Na mimi nikishakula mtanambia nimekula kipi!"

Ghaniya akaenda kuibandua ratiba ya sala mlangoni pa friji. Shuruki mpaka magharibi: huo ndio mchana, umechapwa pale kila mwaka, siku kwa siku, dakika kwa dakika, na katika watu wote wanaousoma hakuna aliyewahi kufikiri kuwa ni kitabu cha kilimo. Akatoa na kujumlisha kwa penseli. Juni, saa kumi na tatu na nusu za mwanga. Septemba tarehe ishirini, kumi na mbili na dakika chache. Ndiyo maana mbaazi wa mama haukuwa ukionesha hata tumba kabla ya mwisho wa Oktoba, na maganda huja Januari. Miaka yote ile walidhani unangoja baridi. Ulikuwa unangoja usiku. Unataka usiku mrefu, tena mzima, usiotobolewa na taa.

Lakini Januari ilikuwa mbali. Daktari aliviangalia viatu vyake.

"Basi tutaileta Oktoba ndani," alisema Ghaniya.

Chumba kile cha nyuma kilikuwa na dirisha moja la mashariki. Jua liliingia asubuhi, na alasiri paa la nyumba yenyewe hulifunika na chumba huanza kuzama. Mwanga wake ulikuwa dhaifu, lakini ulikuwa mfupi kuliko wa nje. Ukitia taa ya kuupa nguvu, na taa hiyo ukaiwasha jua likitoka na kuizima kabla ya magharibi, nje itakuwa Agosti na ndani Oktoba. Maua Septemba, maganda Novemba. Sinan atakula.

Shatha akanunua taa ya zambarau na kisaa kidogo cha kuchomeka ukutani, chenye duara la saa, kinachowasha na kuzima chenyewe. Juni na Julai waliiacha taa ndefu, miche inenepe. Ilinenepa. Tarehe mosi Agosti Ghaniya akapiga simu.

"Shatha mwanangu, shika maneno yangu. Kuanzia leo taa iwake saa kumi na mbili, izime saa kumi na mbili. Umesikia?"

"Saa kumi na mbili, saa kumi na mbili."

"Rudia."

"Iwake kumi na mbili, izime kumi na mbili. Khalasi, bibi, nabadilisha sasa hivi."

"Barakallahu fik."

Kila Ijumaa Hud alimpeleka Ibra. Walifika watu wametoka msikitini, na kabla jua halijachwea walirudi, kwa sababu Hud hapendi njia ile na ngamia wake gizani. Kila Ijumaa Ghaniya aliingia chumba cha nyuma, akaikuta taa inawaka, mibaazi mitatu imenawiri, majani laini kama masikio ya mbuzi. Akafurahi. Ijumaa ya mwisho ya Agosti miti ilimfika kifuani. Ijumaa ya kwanza ya Septemba, mabegani. Akaanza kuipekua kwa vidole, kila kwapa la jani, akitafuta tumba.

"Kuna nini huko?" Sinan huuliza, Ghaniya akirudi kwake.

"Majani."

"Na maua?"

"Yanakuja."

Sinan hufumba macho, na kona ya mdomo wake hupanda. "Mbaazi ukikosa maua..."

"Usinimalizie, kaka."

"...husingizia jua."

"Wewe na methali yako, nyote wawili hamjui kilimo."

"Mimi sijui kitu, mdogo wangu. Mimi nangoja chakula."

Alikuwa amekonda. Pete ilimvuka kidole, ikabidi Asaad aiweke kabatini. Kila Ijumaa sauti yake ilitoka mbali zaidi, lakini mzaha haukupungua, na Ghaniya alikuwa akiendea mzaha ule kama anavyoendea miti: kuangalia kama bado upo.

Akampigia tena Shatha katikati ya juma. "Taa inawaka saa ngapi, mwanangu?"

"Kumi na mbili mpaka kumi na mbili, bibi. Kama ulivyosema."

"Huigusi?"

"Siigusi."

Basi ni mbegu, akafikiri. Uzee. Nimeziweka miaka tisa ndani ya friji kama samaki. Na mimi je, ningewekwa miaka tisa ndani ya friji ningechanua?

Tarehe ishirini Septemba iliangukia Ijumaa. Ndiyo siku aliyokuwa ameizungushia duara kwenye ratiba ya sala, siku ya kuitoa miti nje. Kwa hesabu yake ingetoka imebeba maua. Ilikuwa haina kitu.

Alikuwa amekaa sebuleni na Azza, mke wa jirani, aliyekuja na birika la kahawa na sahani ya tende kumjulia hali mgonjwa. Azza alikuwa mwanamke wa Ibra tangu babu wa babu yake, asiyejua neno la Kiswahili, mwenye moyo mweupe na mdomo mwepesi. Akanywa vikombe viwili, kisha akashindwa kujizuia.

"Ghaniya dada yangu, nikuulize, usinikasirikie. Ile taa ya zambarau chumba cha nyuma ni ya nini?"

"Ya miche yangu. Ya mbaazi."

"Alhamdulillahi!" Azza akajipiga kifuani kwa kicheko. "Mume wangu anasema hawa wanapanda hashishi. Nikamwambia, muogope Mungu, nyumba ya wazee. Akasema, basi taa gani hiyo inawaka mpaka nusu ya usiku? Kila siku! Nusu ya usiku, tap, inazimika."

Kikombe cha Ghaniya kilibaki njiani, si mkononi wala mdomoni.

"Nusu ya usiku," alisema.

"Wallahi. Naweza kutia saa yangu kwayo."

Akainuka. Akaenda chumba cha nyuma, akachuchumaa kwenye kisaa cha ukutani, magoti yakalia. Akakisoma duara lake. Kuwaka: 12, adhuhuri. Kuzima: 12, nusu ya usiku. Saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, sawasawa, hata dakika haikuibwa. Mtoto alitii kila neno. Asubuhi jua la dirishani kuanzia shuruki, adhuhuri taa inalipokea, inakwenda nalo mpaka usiku mkuu. Saa kumi na nane za mwanga. Siku hamsini.

Mibaazi ilisimama juu yake, mirefu, minene, imechanganyikiwa. Haikuwa imekosa kitu. Iliambiwa ni mchana, ikaamini.

Kwani nani alimwambia Shatha kwamba saa kumi na mbili ni jua kutoka na jua kuchwa? Nani alimwambia kwamba kwa watu wake saa moja ni saa ya kwanza ya mchana na si saa ya kwanza baada ya usiku mkuu? Kwake kumi na mbili ni thenaashar, iliyoandikwa kwenye simu. Anazijua tarakimu, hakupewa mahali pa kuanzia kuhesabu.

Na Ghaniya aliujua mwanzo wake. Kumbukumbu yake ni ndefu, na hii haikuwa na haja ya kwenda mbali. Mwaka wa themanini na kitu, chumba cha walimu, mkuu wa skuli moja aliyekwisha kusahauliwa na kila mtu ila na yeye aliwaita walimu "mliotoka Afrika", akawaambia kwa tabasamu: lugha ile iacheni, watoto wenu watafeli, na nyinyi mtaonekana wageni daima. Ghaniya alikuwa ametoka mbali mno kuanza ugomvi mwingine. Akarudi nyumbani akawaambia wanawe: kuanzia leo, Kiarabu. Sinan naye, karani wa serikali aliyechekewa lafudhi yake, akafanya hivyo hivyo. Hakuna askari aliyekuja kuwanyang'anya ile lugha. Waliitoa wenyewe, wakaikabidhi mlangoni, na kushukuru juu yake. Halafu miaka arobaini baadaye unampigia mtoto simu, unamwambia saa kumi na mbili, na kumwambia rudia.

"Bibi?" Shatha alikuwa mlangoni, bado na abaya ya kutokea. "Kuna makosa?"

Uso wake. Miezi minne ameilea miti ile kama watoto wa kupewa.

"Hakuna, mwanangu. Mbegu kongwe tu. Nisaidie tuitoe nje."

Wakaitoa, wao wawili na Hud, wakaipanda katika utepe wa mama kando ya ukuta. Ghaniya akaizima taa ya zambarau na kuing'oa ukutani. Mchana wa siku ile, kwa ratiba, ulikuwa saa kumi na mbili na dakika nane. Kuanzia hapo utapungua wenyewe. Akahesabu kwa vidole: maua mwisho wa Oktoba, maganda Januari. Kama siku zote. Kama vile hakufanya lolote.

Kwa Sinan hakuweza kuficha. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote. Sinan akacheka mpaka pumzi ikampaa, Ghaniya akamshika mgongo, mifupa kama ya ndege.

"Kumi na mbili!" alisema akifuta machozi. "Lahaula. Basi methali ina haki. Ni jua. Jua la dirishani."

"Si jua, kaka. Ni sisi."

Sinan akajiegemeza tena kwenye mto. "Umemwambia mtoto?"

"Nitamwambiaje? Kwamba amekunyima chakula chako?"

"Mwambie jua likichomoza ndipo tunapoanza kuhesabu. Hayo tu. Hayana msiba."

"Atalia."

"Atalia dakika tano."

"Nitamwambia baadaye. Maua yakitoka."

"Ghaniya." Alimwita kwa jina mara chache sana, siku mama alipokufa ilikuwa mojawapo. "Hivyo ndivyo tulivyosema kwa kila kitu. Baadaye."

Hakumwambia. Ijumaa nne zikapita. Joto likavunjika, asubuhi za Ibra zikapata ubaridi mdogo kama kitambaa kilichotoka majini. Jumatano moja ya mwisho wa Oktoba Shatha akatuma picha: kwenye kwapa la jani, tumba la kwanza, limevimba kama punje ya mahindi, linaanza kuwa la njano. Chini yake sauti yake, inatetemeka kwa furaha: "Bibi! Maua hii inakuja! Nimempelekea babu aone, ameicheka. Amesema, kumbe jua halikukosa."

Ghaniya aliisikiliza mara sita.

Kesho yake alfajiri, bado yuko juu ya msala, simu ikalia. Shatha alikuwa analia, maneno yakitoka yamelowa.

"Bibi... babu khalasi. Babu amekwenda."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun."

"Baba anasema wanamzika saa kumi. Bibi, njoo. Saa kumi."

"Saa kumi. Nakuja, mwanangu. Usilie peke yako, kaa na mama yako."

Saa kumi, baada ya sala ya alasiri. Ndivyo alivyozikwa mama, saa kumi. Ndivyo wanavyozikwa watu. Hud alikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha gesi, angetoka asubuhi. Ghaniya akamtumia ujumbe kwa Kiarabu, wanazika baada ya alasiri, maliza kazi yako kisha uje unichukue. Tafsiri yake ilikuwa sahihi kabisa. Kwenye kundi la ukoo ujumbe wa Asaad uliingia, saa imeandikwa wazi, neno kwa neno. Hakuufungua. Ana haja gani ya kusoma kwa Kiarabu habari aliyokwishaipokea kwa lugha yake?

Akaitoa kanga ya mama sandukuni, ile yenye pindo lililofumuliwa, akaipiga pasi kwa utaratibu, mkunjo kwa mkunjo. Alitaka kumfunika nayo Sinan dakika moja tu, kabla ya sanda kufungwa usoni. Alitaka kumwambia tumba linafunguka. Alikuwa na asubuhi nzima.

Walifika Ibra kabla ya adhuhuri. Ghaniya aliona viti vimepangwa njiani, na wanaume wanarudi kwa miguu kutoka upande wa makaburini, wamekunja mikono ya kanzu, udongo kwenye ndara zao. Akadhani wametoka kuchimba. Kisha akamwona Asaad, na jinsi alivyokuwa akitembea, mikono mitupu kama mtu aliyetua mzigo.

"Shangazi," alisema Asaad kwa Kiarabu, na uso ukamvunjika. "Tulikungojea. Nusu saa tulimweka msikitini, tukikungojea."

Ghaniya akaitazama kanga iliyo mkononi mwake. Bado ilikuwa na joto la pasi kwenye mikunjo, au alidhani hivyo.

Ndani, Shatha akamkimbilia katikati ya wanawake, macho yamevimba. "Bibi, nilikwambia saa kumi! Nilikwambia. Kwa nini hukuja?"

Ghaniya alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu tarehe ishirini Septemba.

"Uliniambia, mwanangu," alisema. "Ulisema kweli."

Akakaa pamoja nao, akapokea mikono ya pole.

Siku ya tatu, watu walipopungua, akamshika Shatha mkono, akamtoa nje mpaka kwenye utepe wa mama. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza juu ya ukuta. Maua yalikuwa yamefunguka matano, ya njano, yenye mishipa myekundu mgongoni.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza Ghaniya.

Shatha akaangalia simu. "Sita na robo."

"Hapana. Kwetu ni kumi na mbili na robo. Siku inaanza jua likitoka. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Adhuhuri ni saa sita. Jua likichwa, kumi na mbili. Ashara yako, kumi ya asubuhi kwenye simu, mimi naiita saa nne. Saa kumi kwangu ni alasiri."

Alimwona mtoto akihesabu, midomo ikitembea bila ya sauti. Akamwona anafika kwenye makaburi. Akamwona anasita, anarudi nyuma zaidi, Oktoba, Septemba, Agosti, na kugeuka polepole kuitazama mibaazi.

"Na taa?" alisema Shatha.

"Na taa."

Alilia zaidi ya dakika tano.

"Tangu lini unajua, bibi?"

"Tangu siku tuliyoitoa nje."

Shatha akaondoa mkono wake katika mkono wa Ghaniya. Haukurudi kwa siku nyingi.

Maganda yaliiva Januari, wakati wake ule ule wa siku zote. Hayakupikwa, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema tupike. Waliyaacha yakauke mtini, wakayavuna Ijumaa moja, wakayapukuchua sebuleni kando ya kitanda kilichokunjwa. Mbegu mia mbili na zaidi, kila moja na kidoa chake. Ghaniya akazimimina katika chupa ya mama, na Shatha akakata kipande cha karatasi cha kubandika, ili mwaka mwingine mtu asihitaji kuuliza. Aliandika, akafuta, akaandika, kisha akamsukumia bibi yake bila ya kumtazama.

*Mbaazi za Mtambwe. Zitolewe nje jua likichwa saa kumi na mbili, saa za bibi, siyo za simu. Usiweke taa. Mti hii inataka usiku.*

Ghaniya aliisoma mara mbili. Akarejesha karatasi mezani, akaweka kidole chini ya neno.

"Huu," alisema. "Mti huu. Unataka."

Shatha akachukua kalamu.